Mtoto akuletee wewe habari mbaya kwanza: mwongozo kamili kwa wazazi na walimu wa watoto wa sekondari

Kijana wa sekondari analelewa na watu wazima wa pande mbili ambao mara nyingi hawajuani, wa nyumbani na wa shuleni, na wanakutana siku mtoto ameshaharibu. Mzazi anamjua mtoto wa jioni kachoka, mwalimu anamjua mtoto wa asubuhi kachomekea shati, halafu kuna mambo mtoto anatembea nayo katikati hapo kila siku ambayo mzazi hayajui na mwalimu hayajui. Ndo maana nawaandikia wote wawili kwa pamoja, mana ukimwambia mzazi peke yake anasema tatizo ni shule, ukimwambia mwalimu peke yake anasema malezi ya nyumbani hamna, na mtoto anabaki palepale.

Nazungumzia zaidi sekondari za Tanzania, ndizo ninazozijua. Mtu wa Mombasa au Kampala ataona mwenyewe yapi yanamfaa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la shule ya kata lenye watoto 70 upige hesabu, ni watoto kama kumi hivi, lakini muulize mwalimu wa darasa atakutajia wawili watatu tena wale wakorofi. Wale wa kimya hawapo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Ninachosisitiza humu ni kimoja tu na hatua zote zinakizunguka hicho. Kijana anahitaji walau mtu mzima mmoja ambaye anaweza kumpelekea habari mbaya bila kuumizwa kwa sababu ya kuileta. Akiwa naye mmoja nyumbani na mmoja shuleni, hata maisha yakiwa magumu ana pa kushika.

HATUA YA 1: Jua unachokitafuta

Mtu mzima mwenye sonona (ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) tunategemea tumuone analia, amejikunja. Kijana mara nyingi huzuni yake inatoka ikiwa hasira. Ananuna, anajibu vibaya, anamfokea mdogo wake kwa kitu cha kijinga, mama anasema "huyu siku hizi ana kiburi" na kesi inaishia hapo. Wengine inatokea mwilini, kichwa kila Jumatatu asubuhi, tumbo kila siku ya hesabu, unampeleka zahanati wanapima malaria hamna, wanapima UTI hamna, taifodi hamna, anarudi na panado na tatizo lake lilelile.

Nyumbani angalia usingizi na kula vikibadilika, kuacha kitu alichokuwa anakipenda kweli (alikuwa hakosi kwaya, hakosi uwanja wa mpira, sasa hataki), kukata marafiki wote, kuanza kusema "mimi sina faida", kugawa vitu vyake. Shuleni angalia aliyehama kutoka mbele kwenda dawati la nyuma, anayelala darasani, mwandiko ulioharibika ghafla, maksi zilizoporomoka muhula mmoja, utoro wa siku moja moja.

Siku moja mbaya sio ugonjwa, vijana wanapanda na kushuka na ni kawaida yao. Kipimo rahisi ni wiki mbili. Mabadiliko yakikaa wiki mbili mfululizo na yanamzuia kusoma, kulala au kukaa na watu, usisubiri tena. Andika tarehe uliyoanza kuona, kwenye daftari lolote tu, mana ukifika kwa daktari au kwa mwalimu wa ushauri nasaha swali la kwanza utakaloulizwa ni "tangu lini".

Na watoto wa kiume jamani. Tumewaambia tangu wadogo mwanaume halii, sasa akiumia anaenda kwenye bangi, kwenye kubeti, kwenye kupigana, na sisi tunaona utovu wa nidhamu peke yake. Mvulana aliyeanza ukorofi ghafla kidato cha tatu muulize habari zake kabla hujamuuliza habari za makosa yake.

HATUA YA 2: Zipokee vizuri habari ndogo mbaya

Hii ndo hatua ninayoijali kuliko zote, nitakaa nayo.

Mtoto haanzi kwa kukuletea jambo kubwa. Anaanza na dogo anakupima. Kapata 23 ya hesabu. Kapoteza sweta la shule. Kadondosha simu ya dada yake kioo kimepasuka. Anakuja anakuambia huku anakuangalia usoni, na utakachofanya hapo ndicho kitaamua kama siku akiguswa vibaya na mjomba, akikosa siku zake, akitishiwa na mtu mwenye picha zake kwenye simu, wewe utaambiwa au utakuwa wa mwisho kujua. Mama anayelipuka kwa sweta hawezi kuambiwa kuhusu mimba, mtoto anapiga hesabu hiyo bila hata kujua kama anaipiga.

Kwa hiyo fanya hivi. Akianza kusema, nyamaza mpaka amalize, hata kama unachemka. Halafu neno lako la kwanza liwe la kushukuru: "Nashukuru umeniambia mwenyewe." Usiongeze "lakini" hapohapo. Kisha uliza "ilikuwaje?", usiulize "kwa nini umefanya hivyo?", mana kwenye nyumba zetu "kwa nini" ni mashtaka tayari na mtoto akiisikia anaanza kujitetea badala ya kueleza. Ukishasikiliza, kama kuna hatua ya kuchukua, mwambie mtaiongea kesho. Kesho, sio sasa hivi.

Najua kuna mzazi anasoma hapa anasema huku ni kudekeza. Sio kudekeza, kosa liko palepale na gharama yake ipo. Aliyepoteza sweta, Jumamosi atakaa gengeni kukusaidia mpaka sweta jipya lipatikane, na atakaa kweli. Asichopaswa kulipia ni kusema ukweli. Hivi vitu viwili tukivichanganya, yaani adhabu ya kosa na adhabu ya kusema ziwe moja, tunamfundisha kuficha, na vijana wanajifunza haraka sana.

Walimu wenzangu, kwetu shida kubwa ni ofisi. Mwanafunzi anaingia ofisi ya walimu kakusanya ujasiri wiki nzima, anakuta walimu nane, kabla hajafungua mdomo mmoja kashamuuliza "wewe tena?", mwingine anachangia kuhusu sketi, wa tatu anacheka. Hatarudi huyo. Ukiona mtoto anakusogelea sogelea kamshika mkono mwenzake, toka naye nje, simameni chini ya mti au koridoni, mahali ambapo watu wote wanawaona lakini hawawasikii. Hapo umemlinda yeye na umejilinda na wewe, hasa kama ni mwalimu wa kiume na mwanafunzi wa kike.

Na alichokuambia usikipeleke kwenye chai ya saa nne. Siri ya mtoto ikishazungumzwa ofisini jioni ipo bwenini. Ila usimuahidi siri ya kila kitu pia, mwambie mapema: "Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, hapo lazima nitafute mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza nani." Mtoto anaelewa. Asichosamehe ni kushtukia mkuu wa shule kashajua yote.

HATUA YA 3: Angalia maneno ya deni

Kuna sentensi tunazisema kwa uchovu, hatuna nia mbaya, ila zinakaa kichwani kwa mtoto miaka. "Nakusomesha kwa shida halafu unaniletea ziro." "Mtoto wa mama fulani mnasoma wote, mbona yeye anaweza?" "Baba yako nae alikuwa hivyohivyo." Mtoto anayesikia kila siku kwamba ada yake inaumiza watu anaanza kujiona yeye mwenyewe ni mzigo, na hiyo fikra ya "mimi ni mzigo, wangekuwa na nafuu nisingekuwepo" ndo moja ya fikra zinazoogopesha sana kwa kijana mwenye sonona.

Sisemi umfiche hali ya nyumbani. Mwambie ukweli wa hela kama unavyomwambia mwanafamilia: "Mwezi huu biashara imelala, hela ya twisheni hamna, tuone tutafanyaje." Hapo umemshirikisha. Deni ni pale unapomfanya yeye kuwa sababu ya shida.

Kulinganisha acha tu. Ukitaka kumpima mpime na yeye wa muhula uliopita.

Na ongea naye siku ambayo hakuna kosa wala matokeo. Wengi tukihesabu mazungumzo yetu na mtoto wa kidato cha tatu ni "umekula? umefua? umesoma?" basi. Mpe dakika kumi za stori isiyo na ukaguzi ndani yake, mkiwa mnachambua mchele, mkiwa njiani mnarudi sokoni. Vijana wengi wanaongea vizuri zaidi mkiwa mnafanya kitu mikono ina kazi, kuliko ukimkalisha kwenye kochi ukamwambia "haya niambie una tatizo gani".

HATUA YA 4: Usingizi na barabara

Hili hatulihesabu kama malezi kabisa na linaharibu watoto. Wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale masaa 8 hadi 10 kwa siku. Halafu kibaolojia mwili wa kijana unachelewa kusikia usingizi kuliko wa mtoto mdogo, sio uvivu, saa yake ya ndani inasogea mbele.

Sasa chukua mtoto wa kutwa Dar anayekaa Chanika au Mbagala na shule ipo mbali. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri awahi daladala, pale kituoni makonda hawataki wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, anasukumwa, anaachwa na magari matatu, anafika kachelewa anakutana na fimbo getini. Jioni twisheni, barabarani tena, nyumbani vyombo, homework, analala saa tano usiku. Hiyo ni saa tano na nusu ya usingizi, na kesho hivyohivyo mpaka Ijumaa. Huyo mtoto akilia bila sababu au akisinzia kwenye kemia tusianze kutafuta mapepo.

Mzazi, kaa na ratiba yake uipunguze kitu kimoja. Kama twisheni inamrudisha saa mbili usiku kila siku, iwe siku mbili kwa wiki. Kazi za nyumbani zigawanywe na kaka zake nao waoshe vyombo, watoto wa kike ndo wanaobebeshwa. Simu ikae sebuleni usiku, na yako pia ikae, mana ukimnyang'anya yake huku wewe unachati mpaka saa sita hatakuelewa.

Mwalimu wa zamu, aliyechelewa muulize anatoka wapi na anaamka saa ngapi kabla ya kitu kingine. Shule nyingine zimeweza kabisa kuandika orodha ya wanaotoka mbali na kuwavumilia nusu saa, haigharimu chochote.

HATUA YA 5: Mambo ambayo mwalimu peke yake ndo anaweza kuyabadilisha

La kwanza lugha. Mtoto wetu kasoma miaka saba kwa Kiswahili, darasa la saba alikuwa anajibu mkono juu, anafika kidato cha kwanza masomo karibu yote ni Kiingereza na kuna shule anaadhibiwa akiongea Kiswahili. Yule aliyekuwa muongeaji anakuwa bubu. Anafikiri amekuwa mjinga, na hakuna aliyemwambia kwamba akili yake ipo palepale, ni lugha tu imebadilika. Mwambie. Siku ya kwanza kabisa simama mbele uwaambie kidato cha kwanza kwamba kutoelewa kwao miezi ya mwanzo ni kawaida na kunaisha. Halafu ruhusu mtoto aulize swali kwa Kiswahili, wewe mjibu kwa Kiingereza chepesi, mwenye aibu ya kuongea mwache aandike swali kwenye karatasi.

La pili majina. Unasema darasa lina watoto 80 siwezi kumjua kila mtu, kweli huwezi kwa mara moja. Ila chukua majina matano kila siku ya shule, hao watano leo hakikisha umemwita kila mmoja kwa jina lake na kumuuliza kitu kimoja ambacho sio somo. Siku 16 za shule umemaliza darasa zima, unaanza upya. Usianze na wale unaowajua tayari, anza na wale ukisoma jina huoni sura.

La tatu matokeo. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, na matokeo ya kidato cha nne mtandaoni yanatoka kwa namba ya mtahiniwa bila jina. Sasa kama Baraza lenyewe limefika hapo, kwa nini shuleni kwetu bado tunawasimamisha wa mwisho kumi mstarini mbele ya shule nzima? Au tunarusha listi ya majina na nafasi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, mama anaanza kupigiwa simu na majirani? Mpe kila mtoto karatasi yake mkononi. Waliopanda hata kama wamepanda kutoka 15 kwenda 28 wataje hao.

Na binti aliyejifungua akarudi shule (uamuzi wa serikali wa Novemba 2021 umemruhusu) apokelewe kama mwanafunzi. Neno "mama fulani" lisitoke mdomoni mwa mwalimu.

HATUA YA 6: Fimbo

Nitasema wazi, mimi sikubaliani nayo. Lakini hata anayekubaliana nayo ajue kanuni zenyewe zinasema nini: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na viandikwe kwenye kitabu maalum. Kinachofanyika shule nyingi sicho hicho, kila mwalimu anatembea na fimbo yake. Agosti 2018 kule Bukoba mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni, na mwalimu akahukumiwa kunyongwa mwaka uliofuata. Familia mbili zimeharibika pale.

Kwa akili ya kijana fimbo inafanya kitu kimoja kibaya zaidi ya maumivu, inamuondoa mwalimu kwenye orodha ya watu wa kuambiwa. Na walimu wengi wanapiga sio kwa sababu ni wabaya, ni darasa kubwa, mshahara, uchovu, na wao walilelewa hivyo, hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Wakionyeshwa wanabadilika. Kuna utafiti ulifanyika kwenye sekondari za serikali hapahapa Tanzania ukachapishwa 2018, walimu walipewa semina ya siku chache kuhusu namna ya kuwasiliana na wanafunzi na nidhamu bila ukatili, baada ya miezi walimu hao walitumia ukatili kidogo kuliko wa shule ambazo hazikupata. Uganda wilaya ya Luwero, kwenye shule za msingi 42, mpango wa aina hiyo ulipunguza ukatili wa walimu kwa asilimia 42.

Badala yake ufanye nini Jumatatu asubuhi? Kanuni tano tu za darasa ziandikwe na wanafunzi wenyewe, na matokeo ya kuvunja kila moja yajulikane mapema. Aliyechafua anasafisha, asiyemaliza kazi anamalizia muda wa michezo, aliyemtukana mwenzake wanakaa wote wawili mbele yako mpaka waongee. Makosa makubwa mzazi aitwe mapema. Inachosha mwanzoni kuliko fimbo, sikufichi.

Wazazi, na nyie msije shuleni mkasema "mwalimu nakuachia, piga tu, nirudishie mifupa". Mtoto anayesikia hayo amejua hana pa kukimbilia pande zote mbili.

HATUA YA 7: Ongeeni kabla ya tatizo

Mwalimu wa darasa akipiga simu mzazi anashtuka, moyo unaenda mbio, kwa sababu hajawahi kupigiwa kwa jambo la heri. Vunjeni hiyo mapema. Wiki za mwanzo za muhula mzazi tuma meseji ya kawaida tu, mfano: "Shikamoo mwalimu, mimi ni mama yake fulani wa kidato cha pili B. Naomba ukiona chochote kimebadilika kwake, hata kidogo, unijulishe. Na mimi nitakujulisha ya huku." Hiyo tu.

Nyumbani kukiwa na msiba, wazazi wakiwa wanatengana, baba kaachishwa kazi, mwambie mwalimu mmoja. Huna haja ya kueleza yote, sema "nyumbani tuna wakati mgumu, naomba umuangalie". Mwalimu mwenye habari hiyo hatamtandika mtoto kwa kusinzia.

Mwalimu nawe ukimwita mzazi anza na zuri moja la kweli kuhusu mtoto, ndo uingie kwenye shida. Na mtoto awepo kwenye sehemu ya mazungumzo, asikae nje dirishani anajaribu kusoma midomo yenu.

HATUA YA 8: Tafuta mtu wa tatu

Wazee wetu walijua kwamba kuna mambo mtoto hamwambii baba wala mama, ndo maana kulikuwa na shangazi, bibi, mjomba, na pwani binti alikuwa na somo wake kabisa, yaani mwanamke wa kumfunda. Siku hizi shangazi yupo Mwanza, bibi yupo kijijini, tunabaki na nyumba ya vyumba viwili na mtoto hana wa kumwambia. Kaa na mwanao umuulize mwenyewe: "Ukiwa na jambo huwezi kuniambia mimi, ungemwambia nani?" Akitaja mtu unayemuamini, mpe ruhusa rasmi, mpe na vocha, na umwambie huyo mtu. Usione wivu. Mama mdogo akiambiwa, nyumba imeambiwa.

Shuleni hivyohivyo, kila mwanafunzi amjue kwa jina mwalimu wa ushauri nasaha, na asiwe huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Hilo kosa lipo shule nyingi mno.

HATUA YA 9: Wiki ya matokeo

Matokeo ya kidato cha nne yanatoka Januari na kila mwaka kuna watoto wanapotea nyumbani wiki hiyo. Usisubiri siku yenyewe. Desemba, mkiwa mmetulia, kaeni mchore barabara tatu: akipata divisheni ya kwanza mpaka ya tatu yenye sifa za kidato cha tano, akipata ya nne, akipata ziro. Ya nne yenye pasi kuanzia D nne kuna vyuo vya cheti, kuna VETA kwa anayependa ufundi, kuna kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila barabara iandikwe na mtu wa kwenda kumuona na gharama yake. Mtoto aone kwamba hata ile barabara ya tatu, ya ziro, ina mlango, na aone umeichora wewe mwenyewe bila kukunja uso.

Siku yenyewe msimuache peke yake na simu. Yakiwa mabaya, siku hiyo hakuna mjadala wa maisha yake, apikiwe ale, alale, mtu awepo ndani. Ndugu wakipiga kuuliza wewe ndo ujibu, kwa kifupi.

KAMA WATOTO WANAANGUKA BWENINI

Nimeulizwa hili mara nyingi na walimu wa shule za wasichana. Mmoja anaanza kupiga kelele na kuanguka, wanafuata kumi, shule inasema mapepo. Ni la zamani: Januari 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, shule ya bweni ya wasichana walianza watatu kucheka na kulia bila kujizuia, ikafika wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi, madaktari wakapima hawakukuta sumu wala ugonjwa. Watoto hawaigizi. Ni hofu na presha ya pamoja inayotokea mwilini.

Watenganishe taratibu bila fujo, ondoa watazamaji, kila mmoja akae na mtu mtulivu anywe maji, mpeleke zahanati apimwe kama kawaida. Usimpige wala usimtishe. Wazazi wakitaka sala au dua waruhusu kwa utulivu, isiwe tamasha la uwanjani mana linaongeza wanaoanguka. Halafu wakishatulia ulizeni kwa makini kuna nini shuleni, chakula, mitihani ya mfululizo, matroni mkali, mtu anayewasumbua usiku. Mara nyingi kuna kitu.

HATUA YA 10: Ikiwa hatari

Mtoto akisema anataka kufa, au ukiona ameandika, au amejikata, muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akikubali muulize kama ameshafikiria kwa njia gani. Usimhubirie, usimwambie ni dhambi wakati huo, usimwambie anatafuta kiki. Mwambie "nipo, hatutaachana leo" na msiachane kweli, alale chumba kimoja na mtu.

Ondoa vitu: sumu ya panya, dawa za shamba, vidonge vyote vya nyumbani, kamba. Hata vile ulivyozoea kuviweka uvunguni toa kabisa peleka kwa jirani. Halafu nendeni hospitali, anzia ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ukifika mapokezi sema neno "afya ya akili" bila kuona haya. Muhimbili na Mirembe Dodoma zinapokea wanaopewa rufaa. Namba 116, Simu ya Mtoto, ni bure mitandao yote, anaweza kupiga mtoto mwenyewe, mzazi au mwalimu, na Kenya namba ni hiyohiyo 116. Ameshakunywa kitu? Hospitali muda huohuo na chupa yake mkononi, usimpe maziwa, usimtapishe, na usichelewe kwa kuogopa maneno ya watu au polisi.

Akitibiwa akarudi shule, mzazi na mwalimu mmoja wakutane kabla ya siku ya kurudi wakubaliane mambo manne: nani atamuona kila asubuhi kwa dakika mbili, wanafunzi wenzake wataambiwa nini (yeye mwenyewe achague maneno), kazi gani zisogezwe mbele, na akizidiwa darasani anaruhusiwa kwenda kukaa wapi bila kuomba ruhusa mbele ya watu. Kliniki zake ziandikwe kwenye ratiba ya shule, asichapwe wala asihesabiwe mtoro siku ya kliniki. Dawa kama amepewa asiziache kwa sababu anaonekana yupo sawa, daktari ndo atasema lini. Wiki sita za mwanzo zichungeni kama mnavyomchunga mgonjwa aliyetoka kufanyiwa opereshini, halafu mkutane tena wote watatu, mtoto akiwemo, muulize yeye kipi kiendelee na kipi kiondolewe.